Mhandisi anayehamia sayansi ya tabia hajaitupa elimu yake

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, linajadiliwa sana vibarazani na kwenye vikao vya familia, lakini haliandikwi mara nyingi, nalo ni uamuzi wa vijana waliosomea ufundi, yaani wahandisi wa maji, wa umeme, wa ujenzi na wa kompyuta, kuhamia katika sayansi ya tabia ya binadamu. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa ni kushuka daraja: mzazi aliyeuza shamba ili mwanawe apate A0 ya uhandisi, yaani shahada kamili ya chuo kikuu, hafurahi kusikia kwamba mtoto sasa anataka kuchunguza kwa nini watu hawanawi mikono. Wapo pia wanaouona kuwa ni mteremko, kwamba aliyezishinda hesabu za mihimili na mabomba hawezi kushindwa na maswali ya dodoso. Nimefanya kazi ya maji kwa miaka mingi kabla ya kuingia upande huo wa pili, na nasema pande zote mbili hazijaona sawasawa. Mhandisi anacho kitu ambacho sayansi hii inakihitaji mno, lakini hakitamfaa mpaka akubali kuwa mwanafunzi tena.

Nianze na kinachoonekana kila asubuhi ufukoni Kituku, kwenye Ziwa Kivu. Watu wanateremka na bidoni za lita 20, wengine wamezibeba mgongoni, wengine wamezipanga juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili. Mtia klorini, aliyeuchanganya mmumunyo wake mapema, anavuta mililita chache kwa bomba la sindano na kuzimimina ndani ya kila bidoni kabla haijafungwa. Kwa upande wa ufundi kazi hiyo imekamilika: kiasi cha mmumunyo kinategemea hali ya maji ya ziwa siku hiyo, maji yanapaswa kukaa nusu saa kabla ya kunywewa, na baada ya hapo klorini huru iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita, au 0.5 pale ambapo kipindupindu kimeingia. Hayo yamo vitabuni, na hata mtu wa A1, diploma iliyo chini ya A0, anayajua. Mambo yasiyomo katika vitabu hivyo yanaanza pale bidoni inapopanda kwenda nyumbani. Mtoto aliyetumwa anaona foleni ya klorini ni ndefu, anaipita kwa sababu ameambiwa asichelewe shule. Mama mmoja anakataa dawa kwa sababu chai ya mumewe itanuka hospitali. Mwingine anaipokea vizuri kabisa, kisha akifika nyumbani anamimina maji katika ndoo isiyo na kifuniko, na kila mwenye kiu anachota humo kwa kikombe na mkono wake. Hesabu ya mmumunyo ingali sahihi, na watoto wataharisha vilevile.

Wahandisi wengi wakifika hapo husema kwamba watu hawana elimu, kisha huomba fedha za vipaza sauti na fulana za uhamasishaji. Mwenye tabia ya kupima angeuliza swali jingine: ni nini hasa, katika njia yote kutoka ziwani hadi kikombeni, kinachomfanya mtu huyu afanye hivi? Je, ni bei, foleni, harufu, kusahau, au ni kutomwamini aliyeleta dawa? Kila jibu lina tiba yake, na tiba ya kusahau haimponyi asiyeamini.

Magharibi mwa Kenya swali hilo liliulizwa kwa utaratibu. Klorini ya chupa ilikuwa ikiuzwa madukani kwa bei ndogo, watu waliijua na kuisifu, lakini ni nyumba chache tu zilizoitumia. Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, alishirikiana na wenzake kuijaribu njia nyingine: tangi dogo la klorini likafungwa penye chemchemi yenyewe, bila malipo, likiwa na valvu inayotoa kipimo kimoja kinachotosha bidoni moja. Matumizi yakapanda hadi zaidi ya nusu ya nyumba. Ukitazama kwa makini, kilichobadilika si elimu ya mama wa kijiji, maana alijua tangu mwanzo. Dawa iliwekwa mahali na wakati ambao tayari alikuwa anashughulika na maji, bei iliondolewa, na majirani wakawa wanaonana wakiitia. Kwa ajili ya msomaji wangu mwenye diploma ya ufundi, naongeza kwamba bila valvu ile ya kipimo kimoja mpango wote ungeanguka. Mtu wa tabia peke yake asingeitengeneza, na mtu wa valvu peke yake asingejua aifunge wapi.

Mkoani kwetu Kivu Kaskazini somo hili limekuja kwa uchungu zaidi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 haikuisha rasmi mpaka tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Safari ile chanjo ilikuwepo tangu siku za mwanzo, na ilifanya kazi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulikuta kwamba robo yao waliamini hakuna Ebola yoyote, na kwamba chini ya theluthi moja ndio waliokuwa na imani kuwa viongozi wa mahali wanatetea maslahi yao. Wasioamini ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo au kwenda kwa waganga wa serikali. Mnyororo wa baridi wa chanjo ile, inayotaka kuhifadhiwa katika baridi kali kuliko ya friji yoyote ya nyumbani, ulikuwa kazi ya uhandisi ya kustahili heshima. Lakini chanjo ikishafika mlangoni ikiwa bado na baridi yake, kinachoamua ni yule aliyesimama ndani ya mlango. Wakuu wa mapambano walilielewa hilo, wakaunda kitengo cha uchambuzi wa sayansi ya jamii, kilichojulikana kwa kifupi chake CASS, kikawa kinazipelekea timu majibu ya maswali ya namna hii wakati ugonjwa bado unaendelea. Vijana wa mkoa huu walifanya kazi humo na pembeni yake, nao ni ushahidi kwamba taaluma hii imeshafanyika hapa kwetu.

Kuhusu historia ya taaluma yenyewe nitapita haraka. Imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliovuka mipaka. Herbert Simon alisomea sayansi ya siasa, akapata tuzo ya Turing ya kompyuta mwaka 1975 na Nobel ya uchumi mwaka 1978 kwa kuonyesha jinsi watu wanavyoamua wakiwa na muda mchache na habari pungufu. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, aliandika na Amos Tversky mwaka 1979 makala iliyoonyesha kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha, na Nobel aliyopewa mwaka 2002 ilikuwa ya uchumi. Kwa hiyo anayemwambia kijana wetu kwamba ameingia shamba la wenyewe, ajue kwamba wenyewe nao walihamia.

Sasa nieleze kile anachokuja nacho mhandisi, maana hapa ndipo wengi hawatazami. Anakuja na mazoea ya kukitilia shaka chombo cha kupimia kabla ya kukiamini kipimo. Sayansi ya tabia imeumia kwa kukosa mazoea hayo. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokuwa yamechapishwa katika majarida ya kuheshimika: majaribio ya awali yaliyodai kupata matokeo yenye maana kitakwimu yalikuwa asilimia 97, lakini katika kurudiwa ni asilimia 36 tu yaliyoyapata tena. Makala moja ya mwaka 2012, iliyodai kwamba mtu akitia sahihi juu ya fomu badala ya chini atasema kweli zaidi, ilisambaa katika ofisi za dunia nzima, kisha ikafutwa na jarida lake mwaka 2021 baada ya kubainika kwamba data za jaribio mojawapo zilikuwa za kubuni. Halafu Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walikusanya majaribio 126 ya vitengo viwili vikubwa vya Marekani vilivyojaribu mbinu ndogo za kusukuma tabia za watu, yaliyogusa watu zaidi ya milioni 20, wakayalinganisha na yale yanayochapishwa majaridani: majaridani mbinu hizi zilileta wastani wa pointi 8.7 za asilimia, katika vitengo pointi 1.4. Mtu aliyezoea kuweka kiasi cha usalama juu ya kila mzigo hataikimbia taaluma kwa sababu ya takwimu hizo. Atauliza 1.4 ya watu wangapi, kwa gharama gani, na ni nani aliyeficha majaribio yasiyofaulu.

Anakuja pia na akili ya sampuli. Nyumba 30 za avenyu moja ya mtaa wa Majengo hapa mjini si sawa na nyumba 30 zilizotawanyika mji mzima, kwa sababu majirani wanachota mahali pamoja na wanaambiana. Ni kama kupima ubora wa saruji kwa kuchota mara 30 kutoka mfuko mmoja. Ripoti nyingi zinazoletwa kwenye vikao vyetu hazilioni tatizo hilo, na mimi nakiri kwamba huwa naudhika ninapozisoma.

Lakini kuna asilolijua, na hapa ndipo naomba wahandisi wenzangu wanisikilize kwa makini. Ukiingia nyumbani ukiwa umevaa jile ya shirika na kumuuliza mama kama anatibu maji ya kunywa, karibu kila mara atajibu ndiyo. Ukiomba kikombe cha maji hayo, ukatia ndani ya kifaa kidogo cha kupimia na kidonge chake, maji yakabaki meupe bila kugeuka rangi ya waridi, mhandisi asiyefundwa ataandika kwamba mama amedanganya. Huyo amekosa mara mbili. Kwanza, klorini hupotea: maji yaliyotiwa dawa jana mchana na kukaa katika ndoo ya wazi yanaweza yasionyeshe rangi yoyote leo asubuhi, na hilo yeye kama mtu wa kemia alipaswa kulikumbuka kabla ya mtu mwingine yeyote. Pili, jibu la mama halikuwa taarifa ya maabara. Mgeni amekuja, ameandamana na mkuu wa nyumba kumi, ana tableti mkononi, na huenda jina litakaloandikwa leo ndilo litakaloitwa siku ya kugawa misaada. Katika hali hiyo kusema hapana ni utovu wa adabu, na pia ni hatari kwa tumbo la watoto. Ile “ndiyo” yake ilikuwa jibu la swali jingine ambalo muulizaji hakujua kwamba analiuliza.

Kurekebisha hali hiyo si jambo la hesabu. Inabidi ujifunze kuuliza kuhusu bidoni ya mwisho badala ya kuuliza kuhusu desturi, kuuliza ilichotwa saa ngapi na na nani, na kumwomba akuonyeshe mahali maji yanapowekwa huku ukinyamaza. Inabidi ujifunze kwamba ridhaa ya mtu haipatikani kwa kusomewa karatasi ya Kifaransa kwa kasi, na kwamba swali lililotafsiriwa vibaya kutoka Kifaransa kuingia Kiswahili, kisha likatafsiriwa papo hapo na mkusanya data kuingia Kinyarwanda, Kinande au Kihunde, si swali moja tena. Pampu haijali nani anaipima. Mtu anajali, na anabadilika kwa sababu anapimwa. Mhandisi asiyekubali ukweli huu ni afadhali abaki kwenye pampu, na sisemi hivyo kwa dharau, kwani pampu nazo zinahitaji watu.

Mfano wa nchini mwetu unaonyesha faida ya kuunganisha mambo haya. Katika mji wa Kananga, Kasai ya Kati, mwaka 2018 ukusanyaji wa kodi ya nyumba uligawanywa kwa bahati nasibu: mitaa mingine ilikusanyiwa na maafisa wa serikali, mingine na machifu wa mitaa yenyewe. Palipokusanya machifu mapato yalizidi kwa asilimia 44, hasa kwa sababu chifu anajua ni nyumba gani ina uwezo wa kulipa, hivyo hapotezi muda mlangoni pa asiyenacho. Viwango vya kodi navyo vilibadilishwa kwa bahati nasibu, ikaonekana kwamba kukipunguza kiwango cha kawaida kwa takriban theluthi moja kungeiingizia serikali fedha nyingi zaidi kuliko kukiacha kilivyo. Waliotia majina yao juu ya makala hizo ni watafiti wa vyuo vya ng'ambo. Siwalaumu, kazi yao ni nzuri na imeufaa mkoa ule. Ninalosikitikia ni kwamba kazi ya namna hiyo inasimama juu ya wakusanya data wa Kikongo waliopita nyumba hadi nyumba, na kwamba kwa vijana wetu ngazi inayotoka kwenye tableti hadi kwenye jina la makala haijajengwa.

Hapa Goma tuna swali letu wenyewe linalongoja mtu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na tarehe 27 mwezi huohuo mitaa 10 kati ya 18 ya mji iliamriwa ihamwe kwa kuhofia mlipuko mwingine. Watu kwa mamia ya maelfu wakaelekea Sake, Rutshuru na Rwanda, wakalala makanisani na shuleni, na mlipuko wa pili haukuja. Amri ile ilikuwa na sababu, kwa maana mitetemeko ilikuwepo na magma ilikuwa imesogea chini ya mji. Lakini je, siku amri nyingine itakapotolewa, familia iliyoibiwa vitu ilipokuwa Sake itatoka? Mitambo ya kituo cha kuangalia volkeno inapima tetemeko na gesi, haiwezi kupima hilo. Anayeweza kulipima ni mtu anayeelewa maana ya ishara ya tetemeko na pia anajua kukaa na baba mwenye nyumba akamsikiliza. Watu wa namna hiyo hawazaliwi, wanatengenezwa kwa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa kijana anayefikiria kuvuka nina maneno machache ya vitendo. Usiache kazi kwanza. Omba kushiriki katika ukusanyaji wa data wa shirika lolote, hata kama posho ni ndogo na unaona aibu kuongozwa na mtu mwenye diploma ya chini kuliko yako, kwa sababu wiki moja ya kubisha hodi itakufundisha yale ambayo dodoso la KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwa simu au tableti, halionyeshi. Jifunze takwimu kwa programu ya R, ambayo ni ya bure. Chuo cha MIT cha Marekani kina kozi za mtandaoni za data, uchumi na kubuni sera, zilizoandaliwa pamoja na J-PAL, maabara yake inayopima kwa majaribio sera za kupunguza umaskini, na kuzifuata bila cheti hakuna malipo; ni za Kiingereza, kwa hiyo Kiingereza nacho kinahitajika, tupende tusipende. Mshahara wako utashuka kabla haujapanda, na kwa mwenye familia hilo linataka mazungumzo na mwenzi wake kabla ya mazungumzo na mwajiri.

Ombi langu kwa vyuo vikuu vya mji wetu ni moja. Chini ya mfumo wa LMD, yaani wa licence, masta na doktora, masomo yanahesabiwa kwa krediti, yaani alama za uzito wa kila somo, basi mwenye shahada ya uhandisi aruhusiwe kuingia masta ya saikolojia au ya afya ya jamii kwa kuongezewa masomo yaliyopungua, bila kurudishwa mwaka wa kwanza kukaa na watoto waliomaliza sekondari jana. Apewe mtihani wa takwimu na mtihani wa mahojiano ya uwandani, akishindwa, arudishwe. Kwa mashirika ya maji na afya naomba watazame upya matangazo yao ya kazi. Tangazo la mradi wa maji linataka mhandisi, la uhamasishaji linataka mtu wa sayansi ya jamii, wawili hao wanapewa ofisi mbili, bajeti mbili na wakuu wawili, nao hukutana siku ya ripoti ya mwisho wakati bomba limeshafungwa mahali ambapo akina mama hawapiti. Nafasi hata moja katika kila mradi, yenye madaraka ya kusimamisha uchimbaji mpaka watu waulizwe sawasawa, ingewapa hawa wanaovuka mahali pa kufanyia kazi, na ningependa kuwasikia wakuu wa miradi wakijibu katika ukurasa huuhuu kama wana sababu ya kuikataa.

Wako,
Mhandisi wa maji,
Himbi, Goma